Mwongozo wa Zawadi Zivukazo Mto

Idara ya Tathmini ya Mambo Yavukayo Mipaka ilifurahi kuwatangazia wananchi wote wa Karagwe na Kyerwa kwamba utafiti mkubwa kuhusu athari za biashara ya kimataifa umekamilika kwa mafanikio makubwa, na kwamba utaanza Jumatatu saa tatu asubuhi.

Tangazo lilibandikwa kwenye milango ya ofisi za vijiji, kwenye mashine za kukoboa kahawa, na kwenye ukuta wa bucha la Kihanga. Watu walilisoma, wakaendelea na shughuli zao. Hakuna aliyeshangaa.

Aliyeliandika alikuwa Bwana Winston Rwezaura, Mtafiti Mwandamizi wa Idara, tawi la Kyerwa, na msidhani alikosea. Matokeo yalikuwa tayari kweli. Mkurugenzi Mkuu alikuwa amemsomea kwa simu kutoka Dodoma wiki mbili kabla. Kuvusha kahawa kwenda Uganda bila kupitia ghala kuu kumepigwa marufuku. Kitu kilichopigwa marufuku hakipo. Kisichokuwepo hakina athari. Zilizokosekana ni takwimu tu.

"Niletee sifuri, Winston," Mkurugenzi alimwambia. "Lakini isiwe sifuri ya mdomoni. Iwe sifuri yenye majedwali. Ukiniletea hiyo, kiti cha Mkuu wa Kitengo hapa Dodoma ni chako."

Kiti hicho Winston alikitaka kwa moyo wake wote. Miaka sita alikuwa amekalia kiti kilichong'oka gurudumu, akiegemea kushoto kutwa nzima, mpaka mkewe akamlalamikia kwamba hata kanisani siku hizi anakaa upandeupande. Dodoma, aliambiwa, viti vina magurudumu matano, na vingine vinapanda na kushuka.

Basi Jumatatu akaingia barabarani na karani wake, Novatus, mzaliwa wa Kibingo, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Walibeba dodoso lenye maswali tisini na sita. Swali la kwanza liliuliza: je, kaya yako inajihusisha na biashara ya kimataifa? Jibu likiwa hapana, mhojiwa aliruka mpaka swali la tisini na tano, ambalo lilimwuliza jina, kisha la tisini na sita, ambalo lilimwomba sahihi. Winston alikuwa amelitunga mwenyewe. Aliliita dodoso rafiki.

Kihanga wote wakasema hapana. Kimuli wote wakasema hapana, wengine kabla hawajaulizwa. Njiani gari la Idara lilipishana na baiskeli zilizobeba magunia ya kahawa kuelekea mtoni, kwenye mpaka wa Uganda, na nyingine zilizorudi kutoka mtoni na mabati, magodoro na makatoni ya sabuni. Winston, kwa uaminifu wa mtafiti, aliandika kwenye daftari lake: "Wananchi wa ukanda huu wanapenda mazoezi."

Siku ya tatu wakafika Kibingo, kwa mama mmoja mjane aitwaye Restuta. Nyumba yake ilikuwa imeezekwa nusu. Nusu moja ilikuwa na bati jipya linalong'aa, nusu nyingine turubai lililofungwa kwa kamba za migomba. Sebuleni, chini ya kitambaa kilichodariziwa "Bwana ni Mchungaji Wangu", kulikuwa na magunia kumi na mawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kaeni hapo, magunia hayana neno, kalieni tu."

Winston akakalia biashara ya kimataifa, akafungua dodoso. "Mama, je, kaya yako inajihusisha na biashara ya kimataifa?"

"Ee Mungu wangu! Mimi? Hapana, waitu."

"Haya magunia?"

"Zawadi."

"Za nani?"

"Za mkwe. Binti yangu Liliane kaolewa ng'ambo ya mto, na mtu aitwaye Mbonimpa. Kijana mzuri sana. Nampelekea kahawa kidogo, anuse harufu ya nyumbani kwa mkewe."

"Magunia kumi na mawili?"

"Ana pua kubwa," Restuta akasema.

Novatus akakohoa. Winston akaona ajabu kidogo, lakini mtafiti hujifunza kutochanganya ajabu na takwimu. "Na yeye huyo mkwe hurudisha chochote?"

"Hurudisha shukrani."

"Shukrani za namna gani?"

Restuta akatazama juu, upande ule unaong'aa. "Za geji ishirini na nane."

"Na ghalani hupeleki?"

"Msimu uliopita nilipeleka. Walinipa karatasi, pesa hadi leo sijaiona." Akainyooshea kidole, iko ukutani kwenye fremu, karibu na picha ya marehemu. "Nimejaribu kuezekea hiyo, mwanangu, haizuii mvua. Na vuli hiyo inakuja. Mkwe asiponishukuru mwaka huu tutalowa; upande ule wa turubai ndiko wanakolala wajukuu."

Winston akaandika "hapana" kwenye swali la kwanza, akaruka mpaka la tisini na tano. Ilibaki safu ya tisa tu ya fomu ya mtafiti, iliyouliza: "Ukaribu na mhojiwa ulijengwaje?" Safu hii haikuwa mchezo. Takwimu zisizo na ukaribu Dodoma zilikuwa hazipokelewi.

Ndipo Restuta alipoleta kikapu kidogo cha akamwani, yale matunda ya kahawa yaliyochemshwa na kukaushwa ambayo mgeni hutafuna akifika nyumba yoyote ya huku. Lakini Restuta hakumpa kikapu achote. Alichagua tunda moja, akalipasua kwa kucha, zikatoka punje mbili zilizokuwa zimelaliana. Moja akaiweka ulimini mwake. Ya pili akamnyooshea Winston kiganjani.

"Unakijua unachokitafuna, mwanangu?"

Sasa, Winston alikuwa Mhaya wa baba, lakini alikulia Morogoro, na lugha ya babu zake iliishia kwenye salamu. Jambo hili lilimuuma. Kwa hiyo alikuwa haachi nafasi ya kujionyesha kuwa ni mtoto wa nyumbani.

"Mama, mimi ni wa hapahapa!" akasema, akaitupa punje mdomoni, akaitafuna kwa sauti.

Novatus akakohoa sana, mpaka akatoka nje. Aliporudi, alijaza safu ya tisa kwa mwandiko mzuri: "Ametafuna punje moja ya tunda moja na mwenye nyumba." Winston akasaini bila kusoma mara mbili.

Habari za mgeni asiyekataa punje zilitangulia gari. Nyumba ya pili wakampasulia tunda. Ya tatu hivyohivyo. Kuna kaya ambazo zilimfuata barabarani na kikapu. Utafiti ulipokwisha alikuwa ametafuna kwenye kaya mia mbili na kumi na nne, hapati usingizi, moyo unakwenda mbio, na fomu zote zimejaa ukaribu wa hali ya juu.

Ripoti yake ilikuwa na kurasa mia moja na tisini, na jedwali la kwanza lilikuwa zuri kuliko yote. Biashara ya kimataifa: sifuri. Athari zake: sifuri, ukikokotoa kwa makosa ya asilimia sifuri. Ila jedwali la pili lilionyesha kwamba kahawa iliyopelekwa kwa wakwe ng'ambo ya mto ingetosha kujaza malori arobaini. Winston akahitimisha kwamba wakazi wa Kyerwa wana mapenzi ya ukwe yasiyo na mfano Afrika Mashariki nzima.

Mkurugenzi akapiga simu siku ileile. "Sifuri yako nimeipenda. Lakini haya mapenzi, Winston. Nani anayasimamia?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Mapenzi ya malori arobaini yako huru tu? Yaandikie mwongozo. Na uwe na meno."

Basi Winston akaandika Mwongozo wa Usimamizi wa Zawadi Zivukazo Mto, na hapo ndipo akili yake ilipong'aa. Sharti la kwanza liliruhusu zawadi zote, maana Idara haichukii upendo. Sharti la pili lilisema zawadi haiwezi kuvuka bila kudhaminiwa na ndugu upande huu wa mto, na ndugu huyo awe mtumishi wa Idara. Sharti la tatu lilimtaka ndugu huyo aisindikize zawadi mwenyewe, kwa miguu, mpaka mlangoni kwa mkwe, na kupokea shukrani kwa mikono yake, kwa kuwa zawadi ikipanda gari inakuwa mzigo, na mzigo ni biashara. Sharti la nne ndilo lililokuwa na meno: mtumishi atakayemkana ndugu yake atapoteza wadhifa.

Wakati anaandika sharti la nne alicheka peke yake. Idara nzima mkoani ilikuwa na watumishi wawili, yeye na Novatus, na Novatus alikuwa kibarua, hahesabiki. Mkulima wa Kibingo angempata wapi ndugu wa hivyo? Zawadi zingebaki, zingeelekea ghalani zenyewe, na kila mtu angepewa karatasi yake.

Mkurugenzi aliusoma akaupitisha. Akaongeza sharti moja kwa mkono wake, kwa wino wa kijani, kwa sababu mkubwa asipoongeza kitu huonekana hajasoma. Sharti la tano: "Endapo ndugu wenye sifa ni zaidi ya mmoja, jukumu litamwangukia mwenye wadhifa mkubwa zaidi. Uongozi ni kuonyesha njia."

Wiki hiyo mgambo wakaweka kizuizi kwenye njia ya mtoni. Magunia ya Restuta yaligeuziwa hapo, yakarudi chini ya kitambaa chake, na vuli ikaanza kutuma manyunyu.

Jumatatu iliyofuata Winston alifika ofisini akakuta foleni. Ilianzia mlangoni, ikazunguka jengo, ikapotelea kwenye migomba. Mbele kabisa alisimama Restuta, na nyuma yake baiskeli tatu zenye magunia kumi na mawili.

"Habari za asubuhi, ndugu yangu," Restuta akasema.

"Shikamoo, mama. Mwongozo umetoka, unajua. Unahitaji ndugu."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Ndugu mtumishi wa Idara."

"Ndiyo maana nimekuja asubuhi."

Winston akacheka. Watu wa foleni nao wakacheka, kwa heshima, kumsindikiza. Kisha wakanyamaza wote isipokuwa yeye.

"Novatus! Huyu mama anasema nini?"

Novatus akafungua kabati, akatoa fomu, akasoma bila kukohoa hata kidogo. "Safu ya tisa, bosi. 'Ametafuna punje moja ya tunda moja na mwenye nyumba.' Sahihi, W. Rwezaura. Muhuri."

"Nilitafuna kahawa! Kila mtu anatafuna kahawa!"

"Kahawa kila mtu hutafuna," akasema mzee mmoja wa foleni, Mzee Gideon, aliyeshika nakala ya fomu yake. "Lakini punje mbili za tunda moja ni omukago, undugu wa kiapo, bwana mkubwa. Zamani wazee walichanjiana damu. Sisi Wakristo damu tumeiacha, punje tumebaki nazo. Mkishagawana tunda, mmetoka tumbo moja. Ndugu wa omukago huwezi kumnyima njia, na huwezi kumkana. Ukimkana, tumbo linavimba."

"Na unapoteza wadhifa," Restuta akaongeza. "Sharti la nne."

"Lakini mimi sikujua!"

"Nilikuuliza, ndugu yangu. Ukasema wewe ni wa hapahapa."

Winston akajifungia ndani, akampigia Mkurugenzi simu huku jasho likimtoka. "Mheshimiwa, kuna tatizo kwenye takwimu. Wananchi mia mbili na kumi na nne wanadai mimi ni ndugu yao!"

"Na takwimu zinasemaje?"

"Zinasema hivyohivyo, Mheshimiwa, ila ni kwa sababu ya..."

"Sababu hazinihusu. Ukikana ukurasa mmoja, umekana ripoti yote, na ripoti hiyo nimeshaikabidhi juu. Sifuri yangu itaanguka. Unataka sifuri ianguke, Winston? Unakitaka kiti au hukitaki?"

"Nakitaka, Mheshimiwa."

"Basi wahenga walisema undugu ni kufaana. Kawafae." Simu ikakatwa.

Akatoka nje. Restuta alikuwa tayari ameshusha gunia moja kwenye baiskeli.

"Mama, sharti linasema kusindikiza, si kubeba."

"Ndugu atembee mikono mitupu kwenda ukweni? Utatuaibisha." Akamtwika begani, akalipapasa gunia likae vizuri. "Ng'ombe haelemewi na nunduye."

Ndivyo Mtafiti Mwandamizi alivyoanza kufanya utafiti wake kwa miguu. Kwenye kizuizi mgambo walimpigia saluti, maana muhuri ulikuwa wake. Mtoni alivua viatu. Ng'ambo, Mbonimpa alimpokea kwa kupiga magoti, akamwita baba mkwe, akamlisha mbuzi mpaka akashindwa kuinuka, kisha akampa shukrani: mabati kumi, ayabebe kichwani kurudi. Alifika Kibingo mvua ikimpiga kwenye bati, na wajukuu wa Restuta wakatoka kumshangilia.

Kesho yake ikawa zamu ya Mzee Gideon, ambaye alikuwa na wakwe watatu, wote wa milimani.

Miezi ikapita. Winston alikonda, akakomaa, akajifunza Kinyambo, lugha ya huku, pamoja na matusi yake yote. Kiti cha Dodoma hakikuja, kwa sababu kila barua ya uhamisho ilirudi na swali: nani atawasindikiza ndugu? Kila alipokaa ofisini, kwa nadra, aliegemea kulia sasa, upande wa gunia. Siku moja, akimshushia Restuta mzigo wa pili wa msimu, akasema kweli yake. "Dada, nimechoka. Mimi si mtu mbaya. Nilitaka kiti tu."

Restuta alimtazama kitambo. Kwa kweli alikuwa amemzoea, na nyumba yake sasa ilikosa bati moja tu. "Huyo bwana wa wino wa kijani," akauliza, "yeye huwa hatembelei watu?"

Usiku huo Winston hakulala, na safari hii haikuwa kahawa. Asubuhi aliandika barua Dodoma, kwa lugha bora ya maisha yake, akapendekeza uzinduzi wa Siku ya Sifuri, kijijini, mbele ya waandishi wa habari, Mheshimiwa akiketi na kaya ya mfano.

Jibu lilikuja kesho yake. Mkurugenzi alikuwa hajawahi kukataa uzinduzi.

Alifika Kibingo na magari manne, suti ya rangi ya maziwa na kamera tano. Alihutubia dakika arobaini juu ya sifuri: jinsi ilivyo duara, jinsi isivyo na kona, jinsi mataifa mengine yanavyoitafuta yasiipate. Kisha akaingia kwa Restuta, akaketi, kamera zikamzunguka. Restuta akaleta kikapu. Akachagua tunda, akalipasua kwa kucha. Punje moja ulimini, ya pili kiganjani.

Mkurugenzi akamgeukia Winston, akanong'ona, "Hiki nini?"

Winston akakohoa. "Ukaribu, Mheshimiwa. Safu ya tisa."

"Aa!" Mkurugenzi akatabasamu kwenye kamera ya katikati. "Ndugu wananchi, mimi ni mtoto wa mkulima!" Akatafuna. Vigelegele vikalipuka nje, virefu kupita alivyotarajia, akafurahi sana. Novatus akamletea fomu, naye akasaini kwa kalamu yake ya kijani.

"Karibu nyumbani, ndugu yangu," Restuta akasema.

Winston akafungua Mwongozo, akausoma mbele ya kamera zote tano, pole pole, kuanzia sharti la pili. Alipofika la nne Mkurugenzi alikuwa bado anatabasamu. Alipofika la tano, lile la mwenye wadhifa mkubwa zaidi, tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni tu, macho yameshaondoka. Alitazama mlangoni. Foleni ilikuwa imeshazunguka nyumba, kila mtu na kikapu chake.

"Winston," akasema kwa sauti ndogo, "kanusha."

"Takwimu, Mheshimiwa? Na sifuri ianguke?"

Restuta ndiye aliyemvua Mkurugenzi koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kitambaa cha Bwana ni Mchungaji. Mzee Gideon akamshauri avue na viatu, maana ukingoni kuna tope. Winston mwenyewe alimtwika gunia, akalipapasa likae sawa begani, kwa upole wa mtu anayejua panapouma.

Mwandishi mmoja wa redio, binti aitwaye Vero, akamwahi njiani na kinasa sauti chake. "Mheshimiwa, samahani. Wananchi wangependa kujua. Hii si biashara ya kimataifa?"

Mkurugenzi Mkuu akasimama na gunia lake. Akatazama kamera, akatazama foleni, akatazama paa la Restuta lililokosa bati moja.

"Hapana, binti yangu," akasema. "Nampelekea mkwe."